Jirani Aliyenisomea Kifaransa

Bakuli langu la bluu lilipanda kwa jirani wa juu mara ya kwanza likiwa na pilau, likashuka tupu. Lilikuwa limeoshwa na kukaushwa vizuri, linang'aa, ila tupu. Nilisimama nalo mlangoni nikiliangalia mpaka akauliza kama amelitia ufa.

"Halina ufa," nikamwambia. "Ila kwetu bakuli la jirani halirudi tupu. Unatia chochote. Ndimu mbili, chumvi kidogo, chochote."

Akafikiri. Akasema kwenye friji lake hamna kitu isipokuwa haradali na limau lililokauka, na kwamba tangu azaliwe hajawahi kupika chakula ambacho mtu alikimaliza. "Ninachotengeneza mimi ni sentensi," akasema, akaninyang'anya bakuli, akapanda nalo ngazi. Nikafunga mlango nikijiambia, haya, nimepata jirani mwenye walakini. Jumamosi yake akashuka na bakuli mkono huu na karatasi mkono ule, akaliweka bakuli mezani, akaketi kwenye kochi kabla sijamkaribisha, akaanza kunisomea Kifaransa.

Sikuwa najua Kifaransa, na sikijui mpaka leo. Nilimwacha asome kwa sababu mgeni humkatizi, na kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Nilikuwa nachagua mchele. Mwanangu Rehema alinicheka sana kwa jambo hilo, maana mchele wa madukani Marekani hauna jiwe hata la dawa. "Mom, it's clean. It says so on the bag," alikuwa akiniambia. Najua hauna. Lakini nilitoka Tanga na sinia yangu ndani ya sanduku, na mchele ambao haujapita vidoleni mwangu siwezi kuuamini. Basi nikawa navuta punje upande huu kwenda upande ule, na yeye anasoma.

Alipomaliza hakuuliza kama nimependa. Alisema, "Mkono wako ulisimama pale mtoto anapovuka. Nitaparekebisha."

Baadaye alinieleza. Ukimsomea mtu anayeelewa maneno, atakuonea huruma, au atakusifu, au ataanza kufikiria mambo yake mwenyewe. Asiyeelewa anabaki na mwendo tu. Mikono yangu ilikuwa ikitembea na sauti yake bila mimi kujua, na pale sentensi ilipojikwaa, nayo ikajikwaa. Nilimwambia hayo ni mambo ya ajabu. Akasema ndiyo, na akaomba pilau tena.

Alikuwa mwandishi wa riwaya, Mfaransa, mdogo kwangu kwa umri ambao kwetu angeniita dada na kuniamkia. Hakuniita dada wala hakuniamkia. Aliniita "jirani", nami nikamwita hivyo hivyo. Tulikaa jengo moja Saint Louis Park, mimi ghorofa ya pili na yeye ya tatu, jikoni kwangu chini ya meza yake. Tulizungumza Kiingereza, kila mmoja na lafudhi yake, na Rehema akituiga wote wawili kwa zamu. Kwa hiyo maneno yake ninayoyaandika hapa yamekwisha kupita njia mbili kabla ya kufika. Yeye angeniambia nisiyaandike kabisa.

Riwaya yake ya kwanza ilichapishwa kwao akiwa bado binti mdogo. Watu waliisifu msimu mmoja, halafu wakaenda kumsifu mwingine. Nakala yake aliyokuwa nayo huku aliitumia kuzuia dirisha la jikoni lisijifunge. Nilipoiona pale imelowa theluji nikaikausha kwa taulo, nikamgombeza. Akasema kitabu kile kiliandikwa na mtoto aliyetaka kupendwa. Lakini niliona kwamba aliendelea kukitumia dirishani upande wa ndani, mbali na theluji.

Alikuja Minnesota akimfuata mwanamume aliyekuwa akisoma chuo kikuu. Mwanamume akamaliza, akaondoka, yeye akabaki. Nilimuuliza, kama watu wote walivyomuuliza, kwa nini harudi kwao. "Kule kila mtu anasema lugha yangu," alinijibu. "Sisikii kitu." Angenijibu hivyo mwaka niliofika hapa nikiwa mwanafunzi ningemwona anaringa. Lakini wakati ule nilikuwa nimekaa miaka mingi, nafanya kazi ofisi ya bima, na nilikwisha kugundua kwamba sauti ya marehemu mama yangu naisikia vizuri zaidi nikiwa nje nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kuliko nilivyoisikia uani kwetu. Nikamwelewa. Nadhani ndiyo siku tulipokuwa majirani kweli.

Alikuwa mkali. Hilo siwezi kulificha ili nimpambe. Aliishi kwa kuwafundisha Kifaransa wake wa mabosi, na alikuwa akirudi kutoka huko anawaiga mpaka unaona aibu kucheka. Lakini sikupata kumwona akichelewa somo, hata siku ambayo basi lilikwama kwenye theluji na akatembea. Alisema hapendi watoto. Rehema alipokuwa akifanya mazoezi ya tarumbeta ya shule, kelele ambazo mimi mzazi zilinitoa nyumbani, yeye alishuka akaketi sakafuni akamsikiliza, kisha akamwambia waziwazi mahali alipodanganya noti. Rehema hakuwahi kumsamehe, na hakuwahi kudanganya tena mahali pale.

Alisema pia hana Mungu. Ramadhani ilipofika, akawa anafunga siku za Jumamosi, kwa sababu, alisema, haiwezekani mtu ale futari yangu akiwa ameshiba sandwichi. Nikamwambia huko si kufunga, huko ni uroho. Akakubali. Lakini nilimwona akitazama saa ya ukutani na kushika tende mkononi bila kuigusa mdomoni, kwa utulivu ambao baadhi yetu tulio na Mungu hatunao. Neno "nzuri" alilitumia kwa chakula tu. Vitabu, watu, hali ya hewa na kazi yake mwenyewe, vyote vilikuwa "labda".

Kitabu alichokuwa akikiandika kilimhusu mwanamke anayetunza mlango wa maji kwenye mfereji, huko kaskazini kwao, ambako mashua za mizigo hupandishwa na kushushwa kama kwa lifti. Hayo ndiyo aliyoniambia, na zaidi ya hapo alikataa. "Nikikueleza, mikono yako itaanza kuelewa," alisema. Nilizoea kutoelewa. Ilikuwa raha, kusema kweli, saa moja kwa wiki ambayo hakuna mtu anayenitaka nielewe kitu. Wiki nzima nilikuwa naelewa madai ya watu ya ajali za magari.

Sentensi ya mwisho ya kitabu aliiandika kwanza, kabla ya nyingine zote. Nayo kila Jumamosi aliisoma mwishoni, hata kama alichoshika siku hiyo ni ukurasa mmoja wa katikati. Anasoma ukurasa, ananyamaza kidogo, kisha anaitamka ile. Alitaka kujua kama ukurasa ule unaelekea kule. Ilikuwa fupi, imeanza laini na kuishia kama mtu anayeweka kikombe mezani taratibu. Na kila mara, mkono wangu ulisimama.

"Bado," alikuwa akisema. "Siku ukiisikia na mkono usisimame, kitabu kimekwisha."

Mimi niliipenda sana sentensi ile. Niliishika kwa masikio tu, kama unavyoshika wimbo wa lugha ya watu. Nilikuwa nikiitamka nikipika. Rehema aliitamka kwenye simu badala ya kwaheri, na siku za Idi aliitamkia wageni wetu ili wamwone anajua Kifaransa, yeye ambaye shuleni alisoma Kihispania. Jirani alipotusikia aligeuka upande, mabega yakitikisika. Nilidhani anacheka matamshi yetu.

Ugonjwa ulimwanza kooni. Kwanza sauti ikakwaruza, akasema ni baridi, nami nikamchemshia tangawizi. Halafu akawa anasoma kurasa chache zaidi na kunywa maji katikati. Halafu akaniambia, amesimama mlangoni pangu na koti lake, kwamba ni uvimbe, na si uvimbe mzuri.

"Utapona," nikasema.

"Daktari hakusema hivyo."

"Utapona tu, inshallah."

Alikasirika sijapata kuona. Alisema yeye hukaa mwezi mzima akitafuta neno moja lililo sawa, na mimi nampa lisilo sawa kabla hajavua viatu. Nilimweleza kwamba kwetu mgonjwa haambiwi vingine. Unaingia na uji, unasema "pole, utapona", na yeye anajua, na wewe unajua, na hakuna aliyedanganywa. Kifo hakitajwi mbele ya mgonjwa, hata akikitaja mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho, maana jambo la desturi alilisikiliza kila mara kwa makini. Kisha akasema, "Basi wewe sema. Lakini mikono yako isinidanganye. Hiyo ndiyo niliyonayo."

Nikaendelea kusema utapona. Niliisema alipokwenda kukatwa uvimbe, niliisema alipotoka hana sauti. Madaktari walikuwa wamemweleza mapema kwamba huenda sauti isirudi, na alikuwa ametia sahihi. Akanunua kibao cheupe cha watoto, cha kufutika, na kalamu yake imefungwa kwa kamba. Maneno yake yakawa mafupi zaidi, na makali yale yale. CHUMVI IMEZIDI. RUDI KAZINI. MWAMBIE REHEMA ANADANGANYA TENA.

Hakuacha kuandika. Nilimsikia juu ya dari yangu, kiti kikivutwa, kisha kimya, kisha kiti. Lakini Jumamosi zilikuwa zimekufa. Alishuka, akaweka bakuli mezani na karatasi zake pembeni, na tukatazamana. Alijaribu kuzisoma kimya yeye mwenyewe huku akiangalia mikono yangu, na mikono yangu ikaenda tu, haina cha kufuata. Akaandika kibaoni: KWENYE KARATASI KILA KITU KINAONEKANA KIZURI. Akafuta kwa kiganja. Hiyo ndiyo mara ya pekee niliyomwona akilia, na hakulia siku ya uvimbe.

Alipohamishiwa nyumba ya wagonjwa wasiorudi kwao, huko Oakdale, mwisho wa kitabu ulikuwa umeandikwa na haujasikika. Alikuwa anakula kidogo sana. Mama yake alikuwa bado Ufaransa, anahangaikia tiketi ya kuja. Nilimpelekea supu ndani ya bakuli la bluu, akaandika: SIJUI KAMA KIMEKWISHA. Nilimuuliza kama anahitaji kujua. Akanitazama kama nimemuuliza kama anahitaji pumzi.

Nilimfikiria Papa Floribert. Tulijuana kwenye duka la vyakula vya Kiafrika Brooklyn Center, ambako sote wawili tulikuwa tukigombea kisamvu cha barafu. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, amesoma kwa Kifaransa, na Jumapili ndiye aliyesoma masomo kanisani kwao, kwa sauti nzito ya kupanga maneno moja moja. Nilipomweleza alisema, "Mama Rehema, hiyo ni kazi ya Mungu. Nitakuya." Akaja amevaa suti.

Mimi nilibeba sinia na mchele. Muuguzi wa mapokezi alikuwa Mkenya, binti mchangamfu, akanisimamisha.

"Mathe, hiyo mchele ni ya nini? Huku tuko na kitchen, patients wana-get lunch."

"Si wa kupika. Ni wa kuchagua."

Alinitazama, akamtazama Papa Floribert na suti yake, akatufungulia mlango. "Sawa tu. Nyinyi wa Tanzania mko na mambo."

Jirani alikuwa ameinuliwa kwa mito, mdogo ndani ya shuka kama nguo iliyoanikwa. Alikuwa amemwandikia muuguzi ampake rangi ya mdomo. Alimpa Papa Floribert karatasi kwa mikono yake miwili, akaninyooshea kidole kiti kilichokuwa dirishani, mahali ambapo mwanga utaangukia sinia. Nikaketi. Nikamwaga mchele.

Papa Floribert alisoma vizuri. Alianza kama yuko mimbarini, jirani akampunguza kwa kiganja, naye akaelewa, akasoma kama mtu anayezungumza. Sura ilikuwa ndefu. Nilisikia sauti za maneno niliyoyazoea, jina la yule mwanamke, na mengine mapya. Nje ya dirisha magari yalikuwa yanapita yameoga chumvi ya barabarani. Vidole vyangu vikawa vinakwenda, na nilimwona jirani kwa pembe ya jicho, haangalii karatasi, haangalii msomaji, anaangalia sinia. Havikujikwaa. Kurasa zote zile havikujikwaa, na nikaanza kuogopa.

Kisha Papa Floribert akaishia hapo, akazikunja karatasi. Mkono wangu ulikuwa umebaki juu ya sinia, unangoja. Ilikuwa haijasemwa. Sikuhitaji Kifaransa kujua hilo. Nyumba yangu nzima iliijua sentensi ile.

Jirani alikuwa ameuona mkono. Akagonga kibao kwa kalamu.

"Papa," nikasema kwa Kiswahili, "umeruka."

Alitoa kitambaa akajifuta paji la uso. "Mama Rehema, kumebakia kamstari kamoja. Mi sitakasoma."

"Kwa nini?"

"Kanasema yule maman anakufa. Asubuhi anakufa, na maji inaendelea kupita. Sasa mi niseme hiyo mbele ya mugonjwa? Hapana. Kwetu haifanyike. Na kwenu pia haifanyike, unajua."

Nilijua. Nilikaa pale na mkono wangu hewani na nikayakumbuka yote kwa mpigo, jikoni kwangu, simu za Rehema, wageni wa Idi na sahani zao, na mabega ya jirani yakitikisika. Miaka yote hiyo tulikuwa tukikitaja kifo nyumbani kwangu kwa furaha, tukiwa tumeshika miiko.

Jirani aliandika, akatugeuzia kibao. ANAOGOPA?

"Haogopi," nikamjibu kwa Kiingereza. "Ana adabu."

Akafumba macho, na mabega yakatikisika kama zamani. Alipoyafumbua hakuandika tena. Aliangalia mikono yangu.

"Papa," nikasema, "kasome."

"Mama Rehema."

"Ameomba mwenyewe. Kasome kama kalivyo."

Akazikunjua karatasi. Na katika muda ule mfupi alipokuwa akitafuta mstari, nililifikiria jambo ambalo hakuna aliyelijua pale chumbani. Ningeweza kuusimamisha mkono. Ni kidole tu. Ukisimama, ataandika "bado", atataka kalamu na karatasi, na mtu mwenye kazi ya kesho huamka kesho. Nilitaka hivyo. Nilitaka sana, nilimpenda na sikuwa tayari. Miezi yote nilikuwa nimemwambia utapona, kwa mdomo, mara zisizo na idadi, na hii ingekuwa utapona nyingine tu, ya kidole.

Papa Floribert akaisoma. Hakuisoma kama jirani alivyokuwa akiisoma. Aliisoma na machozi, kwa lafudhi ya Bukavu, na ikaanza laini, na kikombe kikawekwa mezani.

Mkono wangu ukaenda. Punje ikavuka sinia, na nyingine nyuma yake, na nyingine. Niliuacha uende. Nilikuwa nalia na mkono unakwenda, na jirani akautazama muda mrefu, mpaka alipotosheka kwamba hautasimama.

Aliandika neno moja kibaoni, lile alilokuwa akilitumia kwa chakula. NZURI. Hakulifuta.

Tulipoaga, Papa Floribert alimshika mkono akamwambia kwa Kifaransa kitu ambacho sikukiuliza. Mimi nilifungua mdomo kusema utapona, kwa mazoea, na nikaufunga. Nikasema, "Kimekwisha, jirani." Akaitikia kwa kichwa.

Bakuli la bluu lilikuwa kwenye kabati la kitandani, limeoshwa, tupu. Nililichukua na kulitia kwapani, nisimwaibishe. Akalivuta. Alikuwa na nguvu kidogo sana na zote alizitia kwenye kulivuta bakuli lile. Akaliweka mapajani kwake, akaninyooshea kidole sinia, kisha bakuli, kisha mimi.

Nikaumimina mchele wote ndani ya bakuli, akalishika kwa chini nisimwage. Akaweka mfuniko mwenyewe. Akanipa.